Taulo la Raundi ya Sita

Adhiambo alifika Gongoni akiwa na miaka kumi na tisa, akabeba magunia ya chumvi, na nguvu hizo hizo ndizo zilizompeleka ulingoni. Alipigana ndondi za kulipwa miaka minane. Pambano lake la mwisho alishinda, lakini hajawahi kulisherehekea: mpinzani wake, Nyakio, alianguka raundi ya saba, akazinduka hospitalini hawatambui wanawe. Adhiambo alikwenda kumtazama mara tatu. Mara ya nne mamake Nyakio alimpokea mlangoni.

"Usije tena, mwanangu. Akikuona hulia, wala hajui analilia nini."

Akatundika glavu. Baada ya muda akaanza kufundisha wasichana katika ghala kuukuu la chumvi, na huko ndiko alikompata Priscilla, binti wa mkulima wa Jilore, mwenye mkono wa kushoto mwepesi kama ulimi wa nyoka. Mamake alipofariki, Priscilla alihamia kwa Adhiambo. Wakala sahani moja miaka sita. Majirani wakisema "mwanao," Adhiambo hakuwasahihisha.

Pambano la ubingwa lilifanyika Malindi. Priscilla aliongoza kwa pointi hadi mwisho wa raundi ya tano, alipopigwa konde la kipajini. Hakuanguka. Alirudi kwenye kona, akaketi.

"Kocha, tuko raundi ya ngapi?"

"Inayokuja ni ya sita."

Priscilla akasukutua kinywa, akatema maji. "Tuko raundi ya ngapi?"

Kengele ikalia, Priscilla akainuka. Kabla hajarusha hata konde moja, Adhiambo alitupa taulo ulingoni, na refa akasimamisha pambano.

"Nilikuwa nashinda," Priscilla alisema walipokuwa peke yao.

"Najua. Lakini macho yako..."

"Macho yangu yalikuwa yanamwona mpinzani wangu. Wewe ndiye uliyekuwa unamwona Nyakio."

Daktari alimpima kichwa, akasema hakuona tatizo lolote. Adhiambo alishukuru kwa sauti. Moyoni, kwa aibu, alitamani kungeonekana walau doa dogo la kumtetea.

Wiki haikuisha, Priscilla akakusanya nguo zake. Hakupigana tena. Sasa ni mlinzi wa hoteli moja Kikambala, na Adhiambo alimfuata huko mara moja, amebeba njugu za kukaanga alizozipenda binti huyo.

"Karibu. Unamtafuta nani?" Priscilla aliuliza kutoka ndani ya lango.

"Nimekuja kukuona wewe, mama."

"Niko kazini, kocha."

Gari likapiga honi, akaenda kulifungulia. Adhiambo alingoja juani hadi zamu ikabadilishwa. Mlinzi aliyeingia akamweleza kwamba mwenzake ametokea mlango wa nyuma, zamani. Zile njugu akampa yeye.

Bado anafundisha. Wasichana wapya wakimwuliza kama angelitupa tena taulo lile, hujibu kuwa angelitupa. Kisha hugeuka, akajishughulisha na kamba za glavu za mtu, na hawamwoni uso kwa kitambo.