Mwisho Niliomtafsiria Bibi

Enzi zetu mchezo ukiisha, umeisha. Mjukuu wangu Neema alikaa siku mbili hapa kwangu amenuna kwa sababu ya tamthilia moja ya watu wanaoishi angani. Aliitazama kwenye simu misimu yote, na anasema mwisho wake haukubeba dhamira. Hilo neno dhamira amelitoa shuleni, na mimi ndiye niliyemlipia ada. Ameandikiana na watu asiowajua, wengine wako nchi za mbali, wote wamekasirika. Nilimwuliza kama amekula. Akasema hana hamu.

Sikumcheka. Mimi niliwahi kuubadilisha mwisho wa mchezo wa angani, na ilichukua miaka saba kulimaliza jambo lile.

Wenzangu mliokulia Shinyanga miaka ya sabini mnakumbuka kwamba televisheni tulikuwa tunaisikia tu. Tulikuwa na redio. Ya kwetu ilikuwa ya mbao, ya baba, karani wa kupima pamba. Ilivishwa kitambaa alichodarizi mama, na waya wake ulipanda hadi juu ya minyaa ya zizi. Betri zikichoka tulizianika juani pamoja na michembe ya viazi, na Jumapili saa kumi jioni zilikuwa zimepata nguvu ya kutosha nusu saa. Baada ya hapo msomaji wa habari alianza kuongea kama mgonjwa, na baba alizima.

Nusu saa hiyo ilikuwa ya mchezo ulioitwa Nyota ya Saba. Watu sita walitumwa angani kutafuta maji, chombo kikaharibika, wakapotea. Kila wiki walitua kwenye nyota moja, wakapata matatizo, na mwishoni Kapteni akasema kwa sauti nzito: "Zima taa. Washa injini. Hapa si kwetu." Muziki ulipigwa, nasi tukabaki tumeduwaa kwenye vigoda vyetu. Shuleni hatukuwa tukisema tunaondoka. Tulisema washa injini. Mwalimu wetu wa darasa la tano alimchapa mtu kwa kuwasha injini kabla ya kengele.

Bibi yangu Ng'washi, mama yake baba, hakujua Kiswahili. Hakukitaka pia. Alisema ni lugha ya watu wa kupima pamba. Lakini mchezo aliutaka, kwa hiyo mimi Kabula, mwenye miaka kumi na mmoja, niliketi karibu na sikio lake nikitafsiri kwa Kisukuma. Kazi ile haikuwa nyepesi. Chombo nilikiita lori la juu. Kapteni nilimwita mwanangwa, maana ndiye kiongozi aliyemfahamu. Wiki ya pili Bibi aliuliza ng'ombe wao wako wapi. Nilisema hawana. Akasema watu sita wazima hawawezi kwenda safari ndefu bila maziwa, na kwamba natafsiri vibaya. Wiki iliyofuata niliwapa ng'ombe watatu. Kufikia katikati ya mchezo, mmoja wao alikuwa na mimba.

Maneno ya Kiswahili aliyoyashika ni yale ya Kapteni tu. Aliyatumia kufukuza kuku kwenye mtama alioanika. "Washa injini! Hapa si kwetu!" Kuku walielewa.

Ilikuwapo sababu ya yeye kuupenda mchezo ule. Mwanawe wa mwisho, baba mdogo Masanja, alikuwa amekwenda Geita kuchimba dhahabu, akasema atarudi baada ya mavuno. Mavuno yalipita matano. Habari zake zilikuja mara moja tu, kwa mama mmoja aliyeleta dagaa kutoka Nkome. Alisema alimwona kwenye machimbo ya Rwamgasa, ana ndevu. Bibi alimwuliza yule mama maswali mengi kuhusu hizo ndevu. Baada ya hapo kila Jumapili alisikiliza wale watu wa angani wakitafuta kwao, na mimi niliyekaa karibu naye nilikuwa najua anamsikiliza nani.

Sasa, mwaka ule ule ikaja amri ya kuhamia kijiji kipya. Watu wote waliotawanyika mbugani wakakae pamoja barabarani, upande wa Samuye, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka kwetu. Majirani walianza kung'oa milango. Bibi alikataa. Alisema Masanja anaijua njia ya nyumba hii, haijui nyumba nyingine. Akirudi akakuta magofu atafikiri tumekufa. Baba alimbembeleza, akaleta na katibu wa kijiji. Bibi aliwapa wote ugali na mlenda, wakala, wakanawa, hakuhama.

Mwisho alisema hivi: "Nitajua la kufanya nikisikia wale wa lori la juu wameishia wapi."

Baba alifurahi. Redio ilikuwa imetangaza kwamba mchezo utakwisha Jumapili ile, na lori la kutuhamisha lilikuwa lije Alhamisi. Betri zilianikwa siku tatu. Baba mwenyewe alizigeuza.

Jumapili ikafika. Watu sita walitua kwenye nyota yenye maji na majani. Mvua ilisikika. Kapteni alishuka, akasema: "Zima injini. Hapa ndipo kwetu." Muziki. Mwisho. Hawakurudi.

Baba alipiga goti lake kwa furaha. Kwake mwisho ule haukuwa na kasoro hata moja. Akasema, "Mama, umesikia?"

"Sijasikia," Bibi alisema. "Kabula, sema."

Nilimtazama. Alikuwa ameshika kigoda chake kwa mikono miwili. Nilielewa kwamba nikisema wamebaki, nimemwambia Masanja harudi kwetu tena, amebaki kule. Nikasema, "Wamerudi, Bibi. Wamefika kwao."

"Na ng'ombe?"

"Wote. Na ndama."

"Wabeja," alisema, yaani asante, na akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Basi sihami. Kama wa juu wamerudi, huyu wa Geita atashindwaje?"

Baba alijaribu kueleza kwamba mtoto amekosea, kwamba wale watu wamebaki ugenini na wameridhika. Bibi akamwambia, "Wewe unataka nihame, ndiyo maana unawaacha ugenini. Huyu mtoto anataka nini?" Baba alinivuta nyuma ya ghala la mtama. Nilijua nachapwa. Hakunichapa. Alisema, "Wewe ndiye uliyewarudisha. Alhamisi lori linakuja, na lisipompata mwenye nyumba sijui watamfanya nini mama yangu. Tengeneza." Alikuwa anaogopa, na sikuwa nimewahi kumwona baba akiogopa kabla ya siku ile. Nami nikaanza kuogopa.

Jumatatu sikula. Jumanne nilimkuta Bibi anasaga. Unga wa mashine hakuutaka, alisema unanuka dizeli, kwa hiyo alisaga mtama mwenyewe juu ya jiwe lake kubwa, akisukuma jiwe dogo kwa mikono miwili. Nilipiga magoti mbele yake nikakinga unga.

"Bibi, kuna kipande cha mchezo nilikiruka."

Hakusimama. "Kwa nini?"

"Nilisahau. Waliporudi walikuta kijiji hakipo. Kimehamia barabarani."

Jiwe likasimama. "Wakafanyaje?"

Sikuwa nimefikiria wakafanyaje. Nilitafuta mbele yangu na nikaona kile kilichokuwa mbele yangu. "Walikuta jiwe la kusagia mlangoni. Limeachwa. Na lile dogo limelazwa juu yake, kichwa kinaelekea kijiji kipya. Wakalifuata, wakafika kabla ya jua kuzama."

Alisaga viganja vitatu zaidi. Niliwahesabu kuku wote waliokuwapo.

"Aliyeacha hilo jiwe ni nani?"

"Mama yake mwanangwa."

"Hapo sasa," Bibi alisema. "Hapo mchezo umekaa. Kila wiki wanatafuta kwao, wanatafuta kwao, na huku kwao hakuna mtu anayefanya kitu. Nilikuwa nashangaa huyo mtunzi ana mama kweli?"

Tangu siku ile nimesikia watu wengi wakichambua hadithi, wengine wana shahada. Sijasikia uchambuzi uliozidi huo.

Alhamisi Bibi alipanda lori bila kusukumwa, amebeba kuku na kigoda chake. Jiwe liliachwa mlangoni. Lile dogo alililaza mwenyewe, akalitazama kwa jicho moja, akalisogeza kidogo, akalitazama tena. Dereva alipiga honi mara mbili.

Wale mnaojua kazi ya kusaga mtaelewa maana ya kuacha jiwe. Kule kijiji kipya alianza kuazima la jirani. Kila alasiri alikwenda na kikapu chake, akasalimia "mwadila", akasubiri jirani amalize, akasaga, akalifuta, akashukuru. Baba alisema mara nyingi kwamba atalileta lile lake kwa mkokoteni. Alikataliwa. Mtu aliyekataa unga wa mashine kwa sababu ya harufu aliomba jiwe kwa miaka saba.

Masanja alirudi nikiwa nimemaliza mwaka wa kwanza chuo cha ualimu, niko nyumbani likizo. Alishuka barabarani na kofia, ndevu na furushi la samaki wakavu. Bibi alimshika uso. Wanawake walipiga vigelegele, mama alichinja kuku wawili, na mimi nililia hadi nikaona aibu. Alipokwisha kula, Bibi aliuliza swali lake.

"Jiwe uliliona?"

Masanja alinitazama. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bibi, nikiitikia kwa kichwa kama mjusi.

"Nililiona, mama."

"Lilikuwa linaelekea wapi?"

"Huku huku."

"Sawa," Bibi alisema, na akalala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza tangu tuhamie.

Kesho yake tulikwenda naye kunywesha ng'ombe. Aliuliza jiwe gani. Hakuwa amepita kwetu kwa zamani kabisa. Alikuwa ameulizia kwenye duka la barabarani, wakamwonyesha nyumba kwa kidole. Nilimweleza mambo yote, mchezo, ng'ombe wa angani, jiwe. Alicheka sana, kisha akaacha.

"Nyota ya Saba niliisikia hadi mwisho," alisema. "Kwenye kibanda cha chai, Rwamgasa. Wachimbaji tulijaa mpaka nje. Siku hiyo nilikuwa nimefunga mzigo, niondoke Jumatatu. Yule Kapteni aliposema hapa ndipo kwetu, watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga. Nikaenda nikafungua mzigo."

Alikuwa na mke kule, na watoto watatu.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia zaidi mtunzi. Mtu huwezi kuwaimbisha watu wiki baada ya wiki kwamba hapa si kwetu, halafu siku ya mwisho ukawatua mahali kwa sababu kuna majani. Nilimwambia hivyo. Masanja alisema, "Kabula, wewe hukuwa ndani ya kile chombo." Ng'ombe wakamaliza kunywa, tukarudi.

Alikaa siku nane. Siku ya tano alianza kutazama barabara. Alikuwa akiongea na wewe, lori likipita anakatisha neno. Mimi niliona, na Bibi aliona. Siku ya nane lori la pamba lilisimama kwenda upande wa Geita, na Masanja akasema labda angoje la wiki ijayo, maana mama bado hajamchoka. Alisema hivyo huku ameshika furushi.

Bibi alisimama mbele ya watu wote waliokuwa juu ya magunia. Alijinyoosha. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti nzito ya Kapteni, bila kukosea hata kidogo:

"Zima taa. Washa injini. Hapa si kwetu."

Watu wa kwenye magunia walicheka, maana wengi waliukumbuka mchezo. Masanja hakucheka. Bibi alimwambia kwa Kisukuma, taratibu, "Watoto wako wanakungoja, ng'wanone, mwanangu. Nenda." Akapanda. Alitupungia kofia hadi vumbi likamficha.

Tulirudi nyumbani polepole. Tulipofika mlangoni Bibi aliketi kwenye kigoda chake, akavua viatu.

"Mwambie baba yako kesho alichukue lile jiwe," alisema. "Nimechoka kuazima."

Bibi alishatangulia siku nyingi. Baba mdogo Masanja naye amezikwa Rwamgasa, na wanawe ni watu wa kule. Kijijini kwetu wazee wachache waliobaki bado wanaisimulia Nyota ya Saba, na kwao watu sita walirudi, wakakuta jiwe mlangoni. Sijawasahihisha.

Neema nilimsimulia haya yote, nikitumaini atapata nafuu. Alisikiliza vizuri kwa mtoto wa siku hizi, yaani aliitazama simu mara nne tu. Kisha akauliza, sasa mwisho wa kweli ni upi? Nikamwambia enzi zetu swali hilo tulikuwa tunamwachia anayesaga. Hakunielewa. Jiwe lenyewe liko hapa uani kwangu, limelika katikati kama kiti, na siku hizi hakuna anayesaga. Jioni Neema huegemeza simu yake juu ya jiwe hilo, kwa sababu anasema hapo ndipo mtandao unapokamata vizuri.