Fagia, Amri Yangu ya Mistari Mitatu

Nilipofungua saiba yangu, kibanda cha kompyuta za kukodi, pale mtaani Jericho, wateja walinichosha kwa uchafu. Mtu anachapa barua ya kuomba kazi, anaiacha hapo usoni mwa kompyuta, anaenda zake. Basi nikajifunza kuandika amri, mistari mitatu tu kwenye faili dogo: kila mashine ikiwaka, ifute chochote kilichoachwa hapo, bila kuuliza. Nikaiita Fagia. Jamani, nilivyoringa! Ungedhani mimi ndiye niliyevumbua kompyuta. Mke wangu aliponiomba nifagie nyumba, nilimwambia kazi hiyo siku hizi huandikiwa amri. Hakucheka.

Siku moja akaja mama mmoja wa Shauri Moyo, mjane, pamoja na shemeji yake. Mwili wa mumewe ulikuwa unasafirishwa jioni hiyo kwenda kuzikwa kwao magharibi mwa nchi, na huko hakuna mazishi bila wasifu wa marehemu uliochapwa, wenye picha. Shemeji alisema, mimi nikachapa: shule, vyeo vya reli, kamati za kanisa, ukoo mzima. Mjane alitajwa mara moja tu, kwamba marehemu amemwacha. Shemeji akakimbilia mochari. Nikahifadhi kazi usoni mwa kompyuta, nikaenda kutia karatasi kwenye printa.

Stima zikapotea, umeme wa mtaa mzima. Zikarudi. Mashine ikawaka, na Fagia, mfanyakazi wangu mtiifu, akafanya alichoagizwa.

Nilitafuta hadi kwenye pipa la taka la kompyuta, ingawa nilijua vizuri Fagia hapeleki kitu huko. Nikamweleza yule mama, nikijiita mjinga kabla hajaniita yeye.

Hakuniita. Akavuta kiti karibu.

"Andika," akasema. "Huyo mtu nimeishi naye mimi."

Akasimulia jinsi mumewe alivyomfulia nguo alipokuwa mjamzito, mlango umefungwa ili majirani wasimwone. Alivyoimba vibaya kanisani miaka yote na hakuna aliyethubutu kumwambia. Alicheka, akalia. Nami nikalia, huku nikihifadhi kila sentensi kwenye flashi, mara mbili mbili, mtaalamu mzima.

Nakala za mwisho zilikuwa zinatoka simu yake ilipolia. Shemeji alitaka kujua kama kazi imekamilika.

"Iko tayari, shemeji," mama akasema, akikunja nakala moja na kuitia kifuani. "Kompyuta imerekebisha mahali kidogo."