Bi Kufuli na Picha ya Chafya

Shemeji yangu tunamwita Bi Kufuli, na jina hilo hakuliokota barabarani. Akifunga mlango wa studio huuvuta, huusukuma, hutembea mpaka kona, kisha hurudi kuuvuta tena. Kaka yangu, mumewe, ndiye mpiga picha. Shemeji anashika kompyuta na wateja, mimi nakata fremu kwenye pembe ya studio hiyohiyo. Kwa hiyo namjua, na haki ya kumtania ninayo.

Woga wake ulizidi siku wezi walipovunja dirisha wakabeba kompyuta pamoja na picha za watu. Tangu hapo picha akawa anaziweka mtandaoni, na kila akaunti aliipa neno la siri refu lisilosomeka. Hakuna kichwa cha kubeba hayo yote, ndipo akapata programu ya kuyatunza. Ni ya bure, inakubali kompyuta na simu za kila aina, na jinsi ilivyoandikwa iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Alitueleza kwa fahari kwamba ni kama kabati, ambalo hata walioliunda hawawezi kulifungua. Nikamwambia amepata mume wa pili. Hakucheka.

Asichotueleza ni kwamba kabati hilo alilitia funguo mbili. Wa kwanza ni neno kuu, alilolijua peke yake. Wa pili ni picha. Programu huikagua picha hiyo kila mara, na ikibadilika hata kidogo, haifungui. Alichagua picha aliyoamini hakuna atakayeitamani: siku ya kufungua studio kaka alimpiga mlangoni akipiga chafya, macho kayafumba, mdomo umekwenda upande. Ilikuwa mbaya, tusidanganyane.

Asubuhi moja akaingia kinyozi wa duka la jirani, macho mekundu. Mama yake alikuwa amefariki, na mazishi ni alasiri. Hakuwa na picha nyingine ya mama ila ile tuliyowapiga sisi siku kinyozi mwenyewe alipooa. Aliomba moja kubwa, akasema atangoja, akakaa kwenye benchi na kofia mapajani.

Bi Kufuli akaandika neno kuu. Likakataa. Akaliandika tena polepole, herufi moja moja. Likakataa. Nikamwona anafuta viganja kwenye sketi. Akashika simu, kwa kuwa nayo ilikuwa na nakala ya kabati, lakini picha ya ufunguo alikuwa amejitumia kwa ujumbe, na picha zikipita huko hupunguzwa ukubwa, hazibaki zilezile. Simu nayo ikagoma. Hata barua pepe ya kuombea neno jipya, neno lake lilikuwa mlemle kabatini.

Kaka akamshauri awapigie simu wenye programu.

"Haina mwenyewe," shemeji alisema. "Wanaiandika watu huko na huko. Hakuna wa kunifungulia."

Jambo hilohilo alikuwa akijivunia siku zote. Sasa hata mimi, mcheshi wa nyumba nzima, sikuwa na utani hata mmoja. Maharusi wa watu, watoto wa watu, wazee waliokwisha kutangulia, wote walikuwa humo, na kinyozi alikuwa nyuma yetu anatutazama migongo.

Ndipo akatuambia, kwa sauti ya chini, habari ya picha ya chafya.

Kaka akageuka kuutazama ukuta. Mimi pia. Pale ilining'inia fremu niliyoikata mwenyewe jana jioni: Bi Kufuli mlangoni, macho wazi, mdomo umenyooka, anatabasamu.

"Umeigusa?" shemeji alimuuliza kaka.

"Niliitengeneza kidogo tu. Macho niliyatoa kwenye picha nyingine. Nilitaka na wewe ukae ukutani."

"Ya mwanzo iko wapi?"

"Nilihifadhi hii juu yake, ya mwanzo ikafutika."

Shemeji alikaa chini, sakafuni, akaukumbatia mguu wa meza.

Kaka akapandisha mkono hadi rafu ya juu akashusha kamera yake ya kwanza, ile iliyokufa zamani na ambayo hataki iuzwe hata kwa spea. Akachomoa kadi inayotunza picha. Alisema hakuwahi kuifuta, kwa sababu ndiyo ina picha ya kwanza aliyopiga tukiwa na studio yetu. Alilisema hilo akiangalia viatu vyake.

Kompyuta ikaikataa kadi. Kaka akaipuliza, akaifuta kwa shati, akairudisha. Picha zikajitokeza, na chafya ikiwa ya kwanza. Shemeji akaipa programu picha hiyo, akaandika neno kuu, akakosea, akaandika tena.

Kabati likafunguka.

Kinyozi aliipokea picha ya mama yake, ikiwa na fremu yangu nzuri kuliko zote, akapitisha kidole kwenye kioo mara moja. Alishukuru akaondoka. Usoni sikumtazama.

Bi Kufuli akaufunga mlango mchana kweupe na kumuuliza mumewe kwa nini hakuomba ruhusa.

"Na ingekuwa ni wewe tunayekuzika leo, picha yako ningeitoa wapi, na kabati angelifungua nani?" kaka naye alimuuliza.

Shemeji akamshika kaka shingoni, akamwinamisha sikio ili amnong'oneze neno kuu. Mimi niliambiwa nitoke nje kwanza, na nyuma yangu nikausikia mlango ukivutwa, ukisukumwa, ukavutwa tena.