Nyama ya Mfalme wa Katikati

Wenzangu mliokulia Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, wakati nyuma ya nyumba bado kulikuwa na changarawe tupu, mtakumbuka Ijumaa zilivyokuwa. Asubuhi gololi na mpira mpaka magoti yachubuke, kisha kuoga kwa kulazimishwa, kanzu, msikiti. Tukirudi, tulijua tangu mlangoni, kwa pua tu, kama ni pilau au wali wa nazi. Ndani, kiyoyozi cha dirishani kilinguruma kama lori. Haya yote mnayajua. Ninalotaka kulieleza nadhani lilikuwa kwetu peke yetu: kabla ya kula, nyumba yetu ilihukumu wafalme wa Kiingereza.

Baba alisoma Unguja wakati wa Mwingereza, na wafalme hao alikaririshwa kama sisi tulivyokaririshwa jedwali la kuzidisha. Alikuja Maskati na kitabu kimoja cha historia kisicho na jalada, akapata ukarani wizarani, akaona watoto wake, wanaosoma kwa Kiarabu na kuzungumza Kiswahili nyumbani, watakua bila Kiingereza. Basi kila mmoja wetu akapewa mfalme wa kumtetea. Dada yangu mkubwa, Zuwena, alipewa yule Malkia asiyeolewa, aliyewashinda Wahispania baharini. Mdogo wangu, Khalfan, alipewa mfalme aliyepigana na bunge lake hadi akakatwa kichwa. Mimi, mtoto wa katikati, nikapewa wa katikati: Mskochi aliyemrithi Malkia, na aliyemzaa huyo wa kukatwa kichwa.

Hukumu haikutolewa kwa maneno. Tulikula sinia moja, kila mtu na upande wake, nyama imekaa kati juu ya wali. Baba alichambua kipande laini kwa vidole, akakisukuma polepole mpaka upande wa aliyeshinda. Hakuwa mtu wa kukumbatia wala kusifu. Kipande kile ndicho kilichokuwa kukumbatia kwake. Mimi sikukipata hata Ijumaa moja.

Zuwena alisimama, akaeleza merikebu za Mhispania zilivyotawanywa na dhoruba, sauti yake ikipanda na kushuka, na nyama ikaenda kwake. Khalfan, ambaye hata jina la mfalme wake lilimshinda kutamka, alijishika shingo, akaanguka juu ya mito ulimi nje, na baba asiyecheka akacheka. Nyama ikaenda kwake. Kisha mimi, na maelezo yangu ya mataji mawili, la Uskochi na la Uingereza, kuwekwa juu ya kichwa kimoja, na jinsi Mskochi alivyoichukia tumbaku hata akaiandikia kitabu. Baba alikuwa mvutaji mkubwa.

"Haya, kaa," alisema.

"Wafalme wenu wameshakufa," mama alisema kila wiki, "na wali unapoa."

Niliwaonea wivu ndugu zangu. Zuwena alitafuna taratibu akinitazama makusudi. Khalfan alilamba vidole. Mimi nilikula wali mtupu, nikijiambia kwamba tatizo ni kitabu cha baba, kilichompa mfalme wangu kurasa chache.

Wivu huo ndio ulionisomesha. Chuo sikwenda. Lakini kila kitabu kuhusu Mskochi nilichoweza kukinunua au kukiazima nimekisoma, kalamu mkononi, nikilinganisha huyu anasema nini na yule anasema nini. Zuwena aliyesomeshwa ng'ambo hajakigusa hata kimoja. Na baba, mama alipofariki, akahamia Al Amerat kwenye nyumba mpya ya Khalfan. Hata baba mwenyewe ameangukia upande wa Khalfan. Mimi niko Ansab, navuka milima kila Ijumaa kwenda kumwona.

Ijumaa iliyopita tulipokaa kwenye sinia nikasema, "Baba, nna kesi."

"Yarabi, kaka, Mskochi tena?" Khalfan akasema.

"Mwache, maskini," akasema Zuwena. "Tangu enzi za gololi hajaonja nyama."

Nikaanza. Malkia aliamuru mama yake Mskochi akatwe kichwa, kisha akafa bila mtoto, hazina ikiwa hoi. Mwana wa Mskochi aliwasha vita nyumbani kwake mwenyewe, naye akakatwa kichwa. Kati ya vichwa hivyo viwili, mfalme wangu alifanya sulhu na Mhispania, akawaepusha watu wake na vita karibu utawala wake wote, akafa kitandani. Sikumtakasa. Nilitaja ubadhirifu wake, vipenzi wake aliowajaza vyeo, na wanawake waliochomwa moto kule Uskochi kwa tuhuma za uchawi.

"Na nani alimfundisha mwanawe kuwa mfalme hahojiwi?" Zuwena akauliza. "Si yeye? Basi shoka lile lilianza kunolewa kwa baba mtu."

Hapo alinibana, na nilikiri. "Alimfundisha. Lakini yeye mwenyewe, bunge likikasirika, alijua kurudi nyuma. Hilo mwana hakulichukua."

Baba akanitazama.

"Unajua kwa nini nlikupa yeye?"

"Ndiye aliyebaki, baba."

"La. Zuwena alipenda kushinda, nkampa wa kushinda. Huyu mvivu nkampa kifo cha kuigiza. Wewe ulikuwa huamini kitu mpaka ukisome mwenyewe. Nkakupa asiyekwisha kusomwa."

Akachukua kipande. Mkono wake sasa hauna nguvu kama zamani. Akakisukuma, kikapita katikati ya sinia, kikaelekea kwangu, kikasimama kwenye mpaka wa wali wangu na wa Khalfan. Tulilelewa kutonyoosha mkono nje ya upande wetu. Nikangoja baba akimalizie safari. Khalfan, aliyekuwa ameshageukia habari za mpira, akakiokota, akakitia mdomoni.

"Khalfan!" Zuwena akapiga kelele. "Umekula hukumu ya mtu!"

"Ilikuwa upande wangu!"

Zuwena alicheka mpaka machozi. Baba alikuwa amesharudi kwenye wali wake.

Watoto wetu walikuwa mezani, kila mmoja na kisanduku chake cha kuku kilicholetwa na pikipiki. Mmoja aliiuliza simu mfalme gani alikuwa bora, akajibiwa kabla hajameza. Hakuna aliyetazama kisanduku cha mwenzake. Sisi tulikula tukiutazama mkono wa baba, unakwenda kwa nani. Wao wameshiba vizuri, na hawana wa kumwonea wivu.

Nilirudi Ansab vidole vikinuka bizari na wivu wangu ukiwa mzima kama wa zamani. Ijumaa ijayo nitakaa ubavuni mwa baba, mbali na mkono wa Khalfan.