Nguruwe wa Leipakoa

Leipakoa alizaliwa kisiwani Efate, akaolewa Efate, akazaa Efate, na bado aliitwa mgeni. Babu yake aliletwa kutoka visiwa vidogo vya kaskazini kukausha nazi za watu. Hakurudi kwao. Wajukuu wake wakabaki mlimani, juu ya kijiji cha wenyeji kilicho pwani, kwenye ardhi ya kuazimwa.

Hakuwa mpole. Mtu akifa husemwa alikuwa mpole. Huyu hakuwa, na asisingiziwe.

Mradi wa maji ulipokuja, Kalfau alipanda mlimani. Alikuwa mpwa wa chifu, na ndiye mkubwa wa kamati. Akawaambia wanawake, "Mama zangu, kila nyumba itapata bomba. Nyinyi toeni nguvu zenu tu."

Wakatoa. Walibeba mchanga kutoka pwani hadi kwenye chemchemi waliyoteka maji, kikapu mgongoni, kamba ikiwakata paji la uso. Mchanga huo ndio uliojenga tangi. Walichimba na mtaro, jua na mvua. Leipakoa alikuwa mbele, akiwatukana waliochoka hadi wakacheka wakanyanyuka tena. Wanaume wa pwani walikunywa kava, kinywaji chao cha mizizi, na kusema kazi inakwenda vizuri.

Tangi lilipomalizika, chifu alifunga jani la namele penye chemchemi, watu wasichafue maji saruji ikikauka. Jani hilo likifungwa halivukwi. Anayelivuka hutozwa nguruwe. Basi wanawake wa mlimani wakawa wanashuka korongoni kuteka maji ya mto, ya matope. Walivumilia. Bomba linakuja.

Siku ya kufungua, wafadhili walivishwa maua. Palikuwa na kibao kikubwa. Leipakoa, asiyejua kusoma, akamshika Kalfau mkono.

"Kimeandikwa nini hapo, baba?"

"Kuwawezesha Walioachwa Nyuma."

"Ndio kina nani hao?"

"Si ndio nyinyi, mama!"

Maji yakafunguliwa. Yalitoka kwa chifu. Yalitoka kanisani. Yalitoka kwenye vibanda vya Kalfau vya kulaza watalii. Bomba lilikuwa limepita nyuma ya jiko la Leipakoa, kwenye mtaro aliouchimba mwenyewe, na halikuachiwa hata tundu.

"Na sisi?" akauliza.

"Awamu ya pili, mama. Vuteni subira."

"Huyo Awamu anakaa wapi? Nipe njia nimfuate kwake."

Wafadhili hawakuelewa. Wakampigia makofi.

Na jani halikufunguliwa. Lilipokauka, Kalfau alipanda akafunga jingine bichi. Hapo kila mtu akaelewa. Bomba hawatapewa, na chemchemi yao wamenyang'anywa. Wakaelewa, wakanyamaza, kwa sababu jani ni jani. Mtoto wa jirani aliharisha kwa maji ya korongo akazikwa. Wakanyamaza tena.

Leipakoa alitoka mazikoni hakupitia nyumbani. Alipanda moja kwa moja, akalifungua jani kwa mikono yake, akachota maji, akanywa watu wakimwona.

"Mke wangu," mumewe Tarimas akasema, "watachukua nguruwe."

"Wachukue."

"Ni wa harusi ya mwanao."

"Mwanao ataoa kwa miguu yake. Aliyezikwa leo ataoa lini?"

Hakungoja kuitwa barazani. Alimfunga nguruwe kamba, yule dume mwenye meno yaliyopinda, akamburura hadi pwani. Mwanamke haingii baraza lile. Akasimama mlangoni.

"Chifu, nimefungua jani lako. Faini hii hapa."

"Hujahukumiwa bado, Leipakoa," chifu akasema.

"Basi nihukumu upesi, mnyama ana uzito."

Kalfau akacheka. "Mjomba, mpokee. Siku hizi wageni wanajua adabu."

"Adabu nimekuja nayo kwenye kamba," Leipakoa akasema. "Wewe yako umeiacha wapi, mwizi wa maji?"

Wazee wakaguna, lakini macho yao yalikuwa kwa nguruwe. Walimpokea. Walimchinja, wakamfukia kwenye mawe ya moto pamoja na laplap, magimbi ya kukunwa yaliyofungwa kwa majani, wakala hadi wakalegea. Leipakoa aliletewa pande la paja. Alilitazama, akawapa mbwa wao.

Njaa ya nyama iliwasahaulisha jambo ambalo kila mtu pale alilelewa nalo. Faini ikiliwa, kesi imekufa. Jani lililolipiwa halifungwi tena mahali pale.

Asubuhi wanawake wa mlimani walikuwa penye tangi. Walikuwa wamepasua mianzi, wakaiunga tangu kwenye tundu la maji ya ziada hadi katikati ya nyumba zao. Kalfau akaja akihema.

"Nani kawaruhusu nyinyi?"

Leipakoa hakuinua hata kichwa. "Futa mafuta ndevuni kwanza. Ruhusa yetu bado inang'aa hapo."

Kalfau alishuka kumwita chifu. Chifu hakupanda. Angepanda aseme nini?

Leipakoa alifariki mwaka jana, kwa kifua. Kamati ilituma shada, na mtu wa kusoma hotuba juu ya mradi. Tarimas alimfukuza uani.

Maji aliyooshewa Leipakoa yalitoka kwenye mwanzi. Bomba bado linapita nyuma ya jiko lake. Halijatobolewa mpaka leo.