Ndugu Yangu, Muulize Kwanza

Saa mbili asubuhi, foleni ya kituo cha afya imeshatoka nje ya mlango, na karani wa mapokezi anagombana na kompyuta.

Ameandika jina la mgonjwa, umri, simu na mtaa. Amebonyeza kuhifadhi, kompyuta imekataa. Katikati ya skrini yametokea maneno: "Ndugu yangu, muulize kwanza."

"Ndugu yako nani?" karani anaijibu skrini, na watu wa mbele kwenye foleni wanacheka. Kisha anapaza sauti kuelekea chumba cha nyuma. "Bi Lazima! Njoo umchukue huyu mdogo wako, ananichelewesha!"

Bi Lazima ana simu sikioni na amefumba macho.

Ni mtunza kumbukumbu wa kituo hiki, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi mkono mmoja. Jina hilo alipewa na wenzake wa mapokezi, wala si kwa mapenzi. Ndiye anayeamua kila safu ya jedwali la wagonjwa ipokee nini: namba ya simu iwe na tarakimu ngapi, tarehe iandikwe vipi, kipi kinaweza kuachwa wazi na kipi ni lazima kijazwe. Wagonjwa hawamjui. Wenzake humkumbuka kompyuta inapogoma.

"Watu wakiona jedwali wanadhani limejiotea kama uyoga," anasema baada ya kukata simu. "Kumbe kila safu kuna mtu alikaa akaipangia masharti. Akikosea huyo, mmekosea wote."

Safu iliyomkosesha raha ni ya mzio, ile inayoonyesha kama kuna dawa inayomdhuru mgonjwa. Kwa miaka mingi, karani alipofungua ukurasa wa mgonjwa mpya aliikuta imeshajijaza yenyewe: "Hakuna." Mtunza kumbukumbu wa zamani ndiye aliyeipanga hivyo, ili kuwapunguzia makarani kazi. Wengi hawana mzio, alisema, ya nini mtu aandike neno lilelile kutwa nzima? Ilikuwa huruma, na watu walimshukuru.

Kisha mwaka jana akaja fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wanne, na kidonda cha mguu. Muuguzi alitazama kumbukumbu, akaona "Hakuna," akamchoma sindano. Kabla hajafika mlangoni midomo ilishavimba na pumzi imeanza kumkaba. Alipona kwa kuwa daktari alikuwa karibu. Aliporudiwa na sauti alisema dawa ile ilishawahi kumfanya hivyo alipokuwa msichana. Angewaambia, kama wangemuuliza.

"Nilirudi mezani nikafungua jedwali," anakumbuka Bi Lazima. "Hakuna, Hakuna, Hakuna, mpaka chini kabisa. Nikajiuliza, yupi hapa aliulizwa na yupi hakuulizwa? Huwezi kujua. Wote wamefanana."

Siku hiyohiyo alilifuta neno linalojijaza, safu ikawa inaanza tupu. Akaifanya ya lazima. Akaweka sharti kwamba ipokee majibu matatu tu: Ndiyo, Hapana au Hajui. Na kwa kuwa kompyuta ikikataa kitu hutoa maneno makavu kama hakimu, akaiandikia maneno yake mwenyewe, yale ya ndugu yangu.

Anajua dawa hiyo haitibu kila kitu. "Kompyuta itamlazimisha karani aandike. Kumlazimisha aulize haiwezi. Akiamua kuandika Hapana bila kumtazama mtu usoni, nitamfanya nini?"

Kubadilisha masharti kulikwisha kabla chai yake haijapoa. Kinachommaliza ni kilichobaki. Wagonjwa zaidi ya elfu tisa walikuwa na ile "Hakuna" ya zamani, na hao hawana njia nyingine ila kuulizwa upya. Anawapigia simu mmoja mmoja, katikati ya kazi nyingine. Amefika elfu mbili na ushee. Kuna namba zisizopatikana, na kuna wanaomtukana wakidhani ni tapeli.

"Shikamoo, mzee. Napiga kutoka kituo cha afya. Samahani kwa usumbufu. Kuna dawa yoyote ilishawahi kukudhuru?"

"Marahaba. Mbona unaniuliza leo? Huu mwaka wa sita natibiwa hapo."

"Ni kweli, mzee. Tumechelewa."

"Ipo moja ya kifua. Ilinitoa malengelenge mwili mzima."

Bi Lazima anabadilisha neno moja kwenye jedwali, anashusha pumzi, anahamia mstari unaofuata.

Kwa simu hizi haongezewi hata senti. Zaidi ya nusu ya mshahara wake humezwa na kodi ya vyumba viwili anavyoishi na binti zake. Shingo inamuuma, na jioni hana hamu ya kusema na mtu. "Binti yangu mkubwa ananitania. Ananiambia, mama, siku hizi ukitusalimia unatuhoji."

Saa nne anaingia mganga mkuu. Si mtu mbaya, na uso wake umechoka kama wa kila mtu humu ndani.

"Dada yangu, nakuelewa," anasema. "Lakini leo watu wameondoka bila kuhudumiwa. Nao ni wagonjwa. Irudishe kama ilivyokuwa."

Bi Lazima habishi, hana tena nguvu za kubisha. Anafungua masharti ya jedwali, anashuka hadi safu ya mzio, anaandika herufi ya kwanza ya Hakuna: H.

"Usiirudishe, dada." Ni karani wa mapokezi, amesimama mlangoni na kadi za wagonjwa mkononi.

Mganga mkuu anamgeukia. "Si wewe unayelalamika kila siku?"

"Ni mimi." Kwa mara ya kwanza asubuhi hii hatanii. "Na yule fundi cherehani ni mimi niliyemwandikisha. Alifungua mdomo aniambie kitu. Nikamwambia, mama, hapa pameshajaa, nenda kakae." Anaziweka kadi mezani. "Foleni niachieni mimi. Nitakuwa naingia saa moja. Lakini safu ile nisiikute imejijaza tena."

Mganga mkuu anawatazama wote wawili. Anawapa mwezi mmoja, kisha anatoka.

Bi Lazima anaifuta ile herufi. Halafu analia, waziwazi, bila hata kuvua miwani. Karani anahangaika kutafuta pa kuangalia.

"Bi Lazima, na kulia nako ni lazima?" anauliza hatimaye, na mama wa watu anacheka huku machozi yanamtoka.

Likizo hajaichukua tangu fundi cherehani apatwe na yale. Mwezi ukiisha salama anataka kwenda kwa mama yake mzazi, alale, simu aizime kabisa.

"Mashine yenyewe siiogopi," anasema, akitafuta namba inayofuata. "Naogopa siku moja mtu mwenye huruma ataona mnahangaika, aijaze tena safu ile. Natamani nikirudi niikute bado tupu."