Kolumba na Mtungi wa Soya

Alizaliwa mwaka 1811 katika bonde la wafinyanzi, milima ya Chungcheong nchini Korea, kwa wazazi Wakristo waliokimbilia huko kuukwepa upanga wa serikali. Nyumbani aliitwa Pyo Okdan, akabatizwa Kolumba. Wafinyanzi wale walichora msalaba mdogo chini ya kila mtungi, mahali asipotazama mnunuzi. Kolumba hakujua kusoma, ila mitungi aliijua. Mchuzi wake wa soya iliyochachushwa kwa chumvi, huku mkaa na pilipili nyekundu vikielea juu kuukinga usiharibike, aliurithi kwa bibi yake, na kila mwaka aliuongezea mpya. Mwenye tumbo alimpa supu ya soya hiyo; mwenye kifua, tangawizi na kunazi; mama aliyejifungua, majani machungu ya pakanga. Nimeulizia sana ni nani aliyemfundisha hayo, sikupata jibu.

Mwaka 1866 mateso ya Wakristo yalipamba moto. Mkuu wa askari wilayani, Seok, alimkamata mume wa Kolumba akiwa njiani kuuza mitungi, naye mume huyo akafia gerezani. Miezi miwili baadaye mchuuzi mmoja wa kike alileta habari bondeni: mama yake Seok ameugua homa, hagusi chakula, na soya ya mtungi wa nyumba yao imeharibika. Kwetu hilo hufichwa, maana nyumba huhesabiwa imeingiwa na mkosi. Kolumba akajaza mtungi mdogo.

"Shemeji, una wazimu?" alifoka Matia, ndugu wa marehemu. "Muuaji wa mumeo unampelekea supu?"

"Nampelekea mama yake."

"Na ukishikwa? Shingo zetu sote hizo!"

"Nikishikwa, mdomo wangu una kufuli."

Alimuuguza mama huyo nyumbani kwa Seok siku tisa, bila kusema ametoka wapi. Siku ya tatu mgonjwa alikunywa supu. Siku ya tisa akaomba wali. Jamani, furaha ilimponza Kolumba! Aliosha mtungi uliokwisha, akaufudikiza uani ukauke, kama afanyavyo kila mwanamke wa kwetu. Seok akaingia, akauona msalaba.

"Kumbe wewe ni mmoja wao."

"Ndiyo."

"Ulijua hii ni nyumba ya nani?"

"Nilijua kabla sijabisha hodi."

Akaulizwa wenzake wako wapi. Akapigwa, akaulizwa tena. Alifariki gerezani mwezi Septemba, na hakuna askari aliyekanyaga bondeni.

Waamini husema mtungi mkubwa wa soya aliouacha nyumbani haujawahi kuisha mpaka leo. Nilitaka kujua, nikaenda mwenyewe. Mtunzaji wake, Bibi Teresa Ma, alicheka mpaka akashika mbavu. "Padri nawe! Hauishi kwa sababu tunauongezea. Ulidhani nini?"

Kisha akanieleza nani aliyeanza kuuongezea. Baada ya mazishi ya Kolumba, mama yake Seok aliongozwa na mchuuzi yule, akavuka mlima kwa miguu, kichwani ana mabonge ya soya iliyokaushwa ya kutengenezea mchuzi. Matia alimzuia langoni.

"Mwanao ametuulia watu wawili. Umefuata nini?"

"Sina la kumtetea mwanangu," alisema kikongwe, akilia. "Ila yule binti alinilisha, na mtungi wake usikauke kwa sababu yangu."

Matia akampisha langoni. Halafu akaenda uani, akaufunua mtungi kwa mkono wake mwenyewe.

Ndugu msomaji, unayetamani kumwiga Kolumba, usianze mbali. Yupo mtu ambaye mpaka leo hujataka hata kusikia kwamba anaumwa. Mpelekee supu.